Kiti cha Nyuma

Mguu mmoja ndani ya gari, mwingine bado kwenye nyasi za kijiji cha Tlawi: hapo ndipo tulipomwacha Bibi Bernadina wiki iliyopita, kiganja puani, na lile neno lake moja likiwa limewagandisha wageni wote wa posa.

"Maiti!" alirudia, kama kuna ambaye hakusikia. "Gari hili limebeba maiti!"

Restituta alimdaka bibi yake asianguke. Alimshusha polepole, akamkalisha kwenye kigoda kando ya uzio, na wakati anainama ile harufu ikampata na yeye. Ilikuwa tamu na nzito. Ilikuja imefunikwa na sabuni, kama mtu mchafu aliyevaa shati jipya.

Maximilian, mchumba wake, alicheka. Alikuwa ameegemea lile Land Cruiser VX lake jeupe, funguo zikizunguka kidoleni.

"Bibi, shikamoo kwa mara nyingine. Huyo ni mbuzi. Tulimchinja jana Katesh kwa ajili ya sherehe, tukambeba humo ndani. Jua likampiga. Basi."

"Mimi nimezika mume, nimezika na watoto," Bibi alisema. "Mbuzi namjua."

"Maksi, nunua ile ya kuning'iniza kwenye kioo," alidakia Hermani, rafiki wa Maximilian, miwani ya jua ikiwa imepanda hadi utosini. "Ya limau. Hata kuku akinyea humo, hakuna atakayejua."

Rafiki wa pili, Joakimu, alicheka mpaka karanga zikamtoka mdomoni.

Bibi hakucheka. Kwa wazee wa Kiiraqw wa umri wake, jambo hili halikuwa la limau. Nyumba iliyoguswa na kifo hukaa kando. Haiazimi moto kwa jirani, hainywi kibuyu kimoja na watu, wala haipeleki miguu yake kwenye boma la mwingine hadi muda wake upite. Huko kutengwa ndiko kunakoitwa metimani, na anayeuvunja mwiko huo huonekana amewaletea wenzake kifo mlangoni. Ndiyo maana swali la kwanza huwa moja tu.

"Nani amekufa?" Bibi aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, bibi!"

"Nimekuuliza wewe mwenye gari. Nani amekufa?"

Mzee Bura, baba yake Restituta, alijitokeza mbele uso ukiwa umemwiva kwa aibu. Alikuwa katekista. Mbele ya wageni kutoka Katesh, watu wenye maghala ya ngano na simu za mkononi, mama yake alikuwa anamfanya aonekane mtu ambaye hajawahi kuona msalaba.

"Mama, hayo tuliyaacha siku ya ubatizo."

"Wewe uliyaacha. Pua yangu haikubatizwa."

"Basi nitakaa mimi, mnione!"

Mzee Bura akaingia. Alijitupa kwenye kiti cha nyuma, juu ya kitambaa kipya cheusi kilichofunika kiti kizima, na akajirusharusha kidogo, kama mtu anayejaribu godoro dukani. Alikuwa amevaa koti lake la kaki, lile la kusomea somo kanisani. Akashuka akiwa ametanua mikono.

"Mnaona? Mzima wa afya. Haya, ndani! Ndani wote, chakula kinapoa!"

Akawaswaga mbele yake kama ndama, yeye akiwa wa mwisho. Kwa hiyo hakuna aliyeuona mgongo wake.

Kumbuka koti hilo, msomaji.

Restituta alikwenda nyuma ya nyumba kuchukua maji ya kunawa. Huko alimkuta kaka yake, Modest, ameshika ukuta kwa mikono miwili, anatapika.

"Kaka! Una nini?"

"Harufu tu, dada."

"Hujala kitu tangu ulipofika nao. Unatapika nini?"

"Niache, Resti. Nakuomba uniache."

Modest alikuwa kijana mpole. Tangu posa ianze alikuwa kivuli cha Maximilian: akimwoshea gari, akimfungulia mlango, akisubiri kwa hamu siku ya kuambiwa, haya na wewe jaribu. Restituta alitaka kumfuta uso kwa khanga yake, lakini ndani waliita maji, na nje waliita maji.

Alianza na wa nje. Mazungumzo ya mahari ni ya wazee na mshenga. Vijana hukaa uani wakisubiri, na hawa walikuwa wamejipanga kuzunguka VX kama inzi, kila mmoja na mfupa wake. Maximilian alikuwa amekwenda kupiga simu kwenye kilima, mahali mtandao unaposhika.

"Mimi nasema auze," Hermani alikuwa anasema. "Na mnunuzi anakuja leo leo, nimemwelekeza mpaka hapa. Akishauza, achukue Chaser. Turbo. Ukikanyaga, shingo inabaki nyuma, gari limeshafika."

"Chaser kwa barabara ya Dongobesh?" Joakimu alibetua mdomo. "Tumbo la gari utaliokota njiani. Achukue VX nyingine, toleo la juu, yenye kioo kwenye paa. Sasa tuna mkoa wetu, bwana. Siku hizi Babati wakubwa wamejaa. Utawapita na kijigari kilicholala chini kama mjusi?"

"VX ni tembo. Haina mbio."

"Tembo ndiyo! Si uliiona juzijuzi kule Basotu? Ile ngao ya mbele imepata mkwaruzo? Haikupata! Chaser ingejikunja kama bati. Mimi soda ilikuwa mkononi, haikumwagika hata tone."

"Kwa ngao nakubali," Hermani alisema akilamba mafuta vidoleni, kimoja kimoja. "Lakini viti! Ngozi rangi ya maziwa, nani alimshauri? Tumeweka sabuni ya unga, tumeweka petroli, tumeweka ndimu. Cha nyuma kinanuka vilevile. Gari lijalo, viti vyeusi. Hilo ni la kwanza, kabla hata ya injini."

"Na buti refu. Kitu kikilazwa, kilazwe kule, kisiguse kiti."

Wakacheka. Hermani akanyoosha mikono yake. "Maji, shemeji."

Restituta alimwagia. Mafuta yalielea kwenye beseni, na katikati yake kipande cha nyama kilichotoka jinoni mwa mtu. Aliambiwa tangu chuo cha ualimu kwamba sauti yake ni ndogo mno kwa darasa, na hata sasa ilitoka ndogo.

"Kitu gani kililazwa kwenye kiti?"

"Mbuzi, shemeji. Si umesikia?"

"Alichinjwa, au mlimgonga?"

"Tulimchinja," alisema Hermani.

"Tulimgonga," alisema Joakimu, papo hapo.

Wakatazamana. Hermani akavuta miwani ya jua ikashuka machoni.

Restituta aliweka beseni chini. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaziba pua kwa khanga, akaingiza mkono chini ya kiti. Zulia lilikuwa na majimaji. Vidole vyake vilipita kwenye kitu kama nywele, akataka kuutoa mkono, hakuutoa. Mwishoni kabisa, pembeni mwa chuma, aligusa kitu baridi.

Akakitoa. Ilikuwa bangili ya shaba iliyosokotwa, ya kuvaa juu ya kiwiko, na mahali ilipopasuka ilikuwa imefungwa kwa waya wa bluu.

Waya huo aliufunga yeye.

Kule Balangdalalu alikofundisha, kila asubuhi mama mmoja wa Kibarabaig, watu ambao wengine huwaita Wamang'ati, alimletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa vizuri. Udagwenga. Walielewana kwa Kiswahili kidogo na kicheko kingi. Bangili yake ilipopasuka, Restituta aliichomolea waya kwenye redio yake iliyokufa, akaikaza vizuri, na Udagwenga akaiinua kwenye jua kama mtu aliyepewa dhahabu. Juma hili maziwa hayakuja. Restituta alikuwa amenuna, akajisemea kwamba mama yule amepata mteja mwingine.

Alikaa kwenye nyasi, bangili mkononi.

"Resti?" Maximilian alikuwa ameshuka kutoka kilimani. Aliiona bangili. Kicheko kilimkauka usoni kama matope.

"Twende huku," alisema, akamvuta hadi kwenye zizi la ndama. "Umeitoa wapi hiyo?"

"Wewe unajua nimeitoa wapi."

"Ni ajali, mpenzi. Ajali ya kawaida. Tulikuwa tunaipima gari kabla ya kuiuza. Ile barabara ya mashamba ya ngano imenyooka, unajua mwenyewe. Yeye akakatiza. Lakini tulimbeba! Watu wengine wangekimbia. Sisi tulimbeba."

"Mkampeleka hospitali gani?"

Maximilian alitazama ndama.

"Maximilian. Hospitali gani?"

"Alikuwa anatoka damu sana. Sana, Resti. Hermani akasema kiti kinaharibika na mnunuzi tumeshampata. Kwa hiyo tukamshusha."

"Mkamshusha wapi?"

"Kivulini! Chini ya mgunga. Na chupa ya maji tukamwachia. Ya kununua, siyo ya bomba."

"Alikuwa anapumua?"

"Resti, usi..."

"Alikuwa anapumua?"

"Nafikiri."

Restituta hakuwahi kutema mate mbele ya mtu tangu azaliwe. Alitema. Yaliangukia kwenye kiatu cha Maximilian, kiatu cheusi kilichong'arishwa kwa ajili ya siku yake.

Maximilian alikitazama kiatu, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukabadilika. Ukawa wa mfanyabiashara.

"Sikiliza. Kwanza, mimi usukani sikuushika."

"Nani alishika?"

"Ukiniuliza hilo mara ya pili, utanyamaza wewe mwenyewe. Pili, ni Mmang'ati mmoja. Mzee wangu atatoa ng'ombe, watakula, yataisha. Tatu, baba yako huko ndani ameshakunywa kibuyu na mshenga wetu. Utamwaibisha baba yako mbele ya parokia nzima kwa sababu ya muuza maziwa?"

Restituta aliona ni maneno ya mwoga anayetafuta wa kumtwika kosa. Hakuuliza mara ya pili. Laiti angeuliza.

"Restituta!" Sauti ya baba yake ilitoka ndani, yenye furaha. "Njoo mwanangu, wazee wanataka kusikia neno lako!"

Sebule ilijaa watu na mvuke wa nyama. Mzee Sulle, mshenga, alikuwa amekaa na kibuyu cha pombe ya asali mapajani. Modest alisimama mlangoni na sinia la vikombe. Maximilian aliingia nyuma ya Restituta, akasimama karibu naye mno, harufu ya manukato yake ikimpiga shingoni.

Swali lilikuwa moja tu, na kila binti wa Tlawi analijua: je, umewakubali watu hawa? Akiitikia, ndiyo basi. Ng'ombe watapanda mlima kesho na yeye atakuwa wa Maximilian, pamoja na gari lake, na viti vyake, na marafiki zake.

"Kabla hajajibu, tusali," alisema Mzee Bura.

Akainuka. Akageukia picha ya Bikira Maria ukutani, kama alivyozoea, akiwapa watu mgongo.

Hakuna aliyefunga macho.

Nyuma ya koti la kaki, kuanzia kiunoni hadi chini, kulikuwa na doa pana, rangi ya kutu, bado bichi. Lilichukua umbo la makalio ya mtu aliyekaa. Uzito wa katekista ulikuwa umekamua godoro la kile kiti, na chote kilichonyweshwa kwa sabuni na petroli na ndimu kilikuwa kimepanda kupitia kitambaa kipya. Inzi wawili walikuwa wameshatua.

"Bura," Bibi Bernadina aliita kwa upole ambao hakuwa nao mchana kutwa. "Vua koti, mwanangu."

Mzee Bura alipapasa nyuma, akaangalia kiganja chake. Alilivua koti kwa ncha za vidole, akalitupa nje dirishani. Kisha akasimama, mikono mbali na mwili wake, kama mtoto asiyejua wapi pa kujifutia.

"Nani amekufa?" Bibi alimuuliza Maximilian.

"Nimeshasema. Mbuzi."

Aliyasema hayo akiwa ameuinua uso, mbele ya Bikira Maria na mbele ya watu. Restituta alimgeukia. Siku hiyo asubuhi alikuwa amemshonea mtu huyu leso.

Aliweka bangili mezani, kando ya kibuyu.

"Anaitwa Udagwenga," alisema. Safari hii sauti ilifika hadi jikoni. "Huniletea maziwa. Walimgonga, wakambeba, wakamshusha porini akiwa hai kwa sababu alikuwa anawachafulia kiti. Baba, nisamehe. Watu hawa siwakubali."

Mzee Sulle alitema pombe iliyokuwa mdomoni mwake, ikarudi kwenye kibuyu. Mlangoni vikombe vilianza kugongana kwenye sinia, taratibu, vikiita kama kengele ndogo.

Na hapo hapo, uani, ikasikika pikapu inazima injini.

"Mnunuzi!" Hermani alipiga makofi huko nje, hajui lolote la sebuleni. "Karibu, mzee, karibu! Hii hapa!"

Watu walitoka wakisukumana. Aliyeshuka alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, shuka nyekundu begani, fimbo mkononi. Alimsalimu Bibi Bernadina kwanza, kwa heshima yote, ndipo akaligeukia gari.

"Nafungua boneti, mzee," Hermani alisema. "Usikilize injini. Hii ukiingia nayo Basotu..."

"Injini sina haja nayo. Nataka kiti cha nyuma."

"Kiti? Kiti ni kizuri, mzee, tumekivalisha kitambaa kipya, ukikivua utakiharibu..."

Mgeni alimsogeza pembeni kwa fimbo, kama anavyosogezwa mbuzi mlangoni. Akashika kitambaa cheusi, akakivuta chote kwa mkupuo mmoja, mfano wa mtu anayechuna ngozi. Watu wa karibu waliziba pua. Joakimu, ambaye mfupa ulikuwa bado mkononi, aliuangusha.

Ngozi rangi ya maziwa haikuwa rangi ya maziwa tena. Na pembeni, mshono ulikuwa umefumuka, sifongo imechungulia, na kwenye uzi kulikuwa na kipande cha ukucha.

"Ndicho," mgeni alisema. "Naitwa Gidamis. Nilisikia Katesh kuna vijana wanauza gari kubwa jeupe, wana haraka, na hawataki mtu aguse viti. Nikasema, mimi ndiye mnunuzi. Mke wangu aliniambia, 'Walipokuwa wananivuta nitoke, nilishika mshono, ukafumuka na ukucha wangu ukabaki.'"

Restituta alimsogelea. Hakuthubutu kuuliza, akauliza.

"Shikamoo, baba. Alikuambia... lini?"

"Marahaba. Hata leo njiani alikuwa ananiambia."

Mlango wa pili wa pikapu ulifunguliwa. Mama mmoja alikuwa amekaa humo, kichwa kimezungushiwa bandeji, mguu mmoja umenyooshwa mbele ndani ya plasta. Walinzi wa shamba la ngano walimkuta siku ile ile kabla jua halijashuka, wakamfikisha hospitali. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, na juu ya kiwiko palibaki alama nyeupe ya mahali bangili ilipokaa miaka yote.

Aliangaza macho kwenye kundi, akamwona aliyemtafuta.

"Mwalimu," Udagwenga alisema. "Nisamehe. Maziwa yako sijaleta."

Restituta alikimbia kuichukua bangili ndani, akarudi nayo, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi kumvisha, machozi yakimwagika juu ya ile plasta. Nyuma yake Bibi Bernadina alikuwa anapiga ishara ya msalaba.

"Mungu ashukuriwe," bibi alisema. "Pua yangu imekosea."

Gidamis hakuwa amesogea kutoka kwenye gari.

"Mama," alimwita mke wake. "Wapo wote hapa. Aliyeshika usukani ni yupi?"

Udagwenga aliinua mkono, bangili ikang'aa, na kidole chake kikaanza kutembea. Kilimpita Hermani, aliyekuwa amejificha nyuma ya miwani. Kilimpita Joakimu. Kilifika kwa Maximilian, kikasita.

Kikampita.

Maximilian alikuwa anatabasamu. Ulikuwa ule uso wa mfanyabiashara wa kwenye zizi la ndama, na sasa, akiwa amechelewa, Restituta aliuelewa.

Kule mlangoni sinia lilianguka, vikombe vyote vikavunjika.

"Yule," alisema Udagwenga, kidole kikiwa kimemwelekea Modest. "Yule ndiye alikuwa anaendesha. Na waliponishusha, yule peke yake alikuwa analia."

Gidamis aliishika fimbo yake vizuri zaidi. Hakumfuata Modest. Alimgeukia binti aliyepiga magoti miguuni mwa mke wake, akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamini anayemuuliza.

"Mwalimu, kijana yule ni nani wako?"